Baiskeli ya umeme ya Mwalimu: miezi miwili ya kwanza tulimpunguzia mazoezi badala ya kumwongezea

Kisa hiki ni cha kweli na mwenyewe ameniruhusu nikiandike. Nimebadilisha vitu vichache ili asijulikane, jina sitaji, shule sitaji, na aliyemuuzia baiskeli naye tumwache apumzike. Mimi kazi yangu ni mazoezi tiba, nakaa Moshi, na humu ndani kuna kosa langu mwenyewe ambalo nitalieleza bila kulipamba.

Mwalimu ni nani

Mwanaume wa miaka 52, anafundisha hesabu sekondari moja pale mjini, anakaa juu upande wa Kibosho kwenye kihamba (shamba la ukoo) cha baba yake. Kutoka nyumbani hadi shuleni ni kama kilomita 11, na kwa anayeijua Moshi hizo kilomita 11 sio za kawaida maana nyumbani kwake ni juu kuliko shule kwa kama mita 400. Asubuhi unashuka, jioni unapanda, hamna katikati.

Alikuja kwangu kwa sababu ya goti la kulia. Kilo 94, presha siku hiyo 148 kwa 92, na karatasi ya maabara aliyokuja nayo ilikuwa na sukari ya asubuhi kabla ya kula 6.7, yaani bado sio kisukari ila mlango wake ameshaushika kitasa. Daktari alishamwambia "punguza uzito, fanya mazoezi", ile sentensi ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayejua aanzie wapi nayo.

Nikamuuliza, Mwalimu, mazoezi unafanya? Akacheka. "Daktari, mazoezi nifanye saa ngapi? Naamka saa kumi na moja, narudi saa moja usiku, nina ng'ombe wawili wanasubiri majani."

Nikaandika kwenye faili: hafanyi mazoezi. Hapo ndo nilipokosea, shikilia hiyo sentensi tutairudia.

Wazo la baiskeli

Wazo lilikuwa lake. Aliona mtu amepita na baiskeli ya umeme akapanda kilima bila kusimama, akaniuliza kama hiyo inahesabika kama mazoezi au ni uvivu wenye magurudumu mawili. Nikamwambia inahesabika, na sikumdanganya. Colorado kule Marekani, 2016, walichukua watu 20 ambao walikuwa hawajishughulishi, wakawapa baiskeli za umeme waendee kazini dakika 40 angalau mara 3 kwa wiki kwa mwendo wanaotaka wenyewe, baada ya mwezi mmoja tu pumzi zao zilikuwa zimeongezeka na mwili unaishughulikia sukari vizuri zaidi. Na Bristol, Uingereza, walifanya na watu 20 wenye kisukari aina ya pili, wakakuta wakiwa kwenye hizo baiskeli mapigo ya moyo yanafika kama asilimia 75 ya kiwango cha juu, wakati wakitembea kwa miguu ni kama 64. Sio uvivu huo.

Na kwa goti lake baiskeli ilikuwa na maana zaidi kuliko kukimbia, kwa sababu uzito unabebwa na tandiko. Kwa hiyo nikamwambia nunua.

Akanunua mtumba, milioni moja na laki mbili. Baiskeli nzito, kilo 24, mota iko kwenye gurudumu la nyuma, betri imeandikwa volti 36 na 10 Ah (ampia-saa), kuna kidude cha kuchagua msaada wa mota kuanzia 1 mpaka 5, na kwenye mkono wa kulia kuna kile cha kuzungusha kama pikipiki. Ukikizungusha inaenda yenyewe, miguu imetulia.

Miezi miwili ya mwanzo

Alianza mwezi wa saba. Akafurahi sana, na mimi nikafurahi. Mitaani watoto wanamkimbilia wanapiga kelele "Mwalimu wa betri", mke wake ambaye mwanzoni alikuwa anaona aibu (huku kwetu mtu mzima mwenye mshahara akipanda baiskeli watu wanaanza kuuliza kama mambo yamekuwa magumu) akaanza kuisifia mpaka kanisani. Nauli ya daladala ikabaki mfukoni, asubuhi anachelewa kuamka kwa nusu saa.

Mwezi wa tisa akarudi kupima. Kilo 96. Sukari ilikuwa vilevile. Presha imepanda kidogo na daktari akaamua kumuanzishia dawa. Goti ndo lilikuwa limetulia, angalau hilo.

Nikakaa nikawaza, mtu anaendesha baiskeli kilomita 22 kwa siku, siku tano, anaongezeka kilo mbili? Nikamwambia Mwalimu, naomba kesho jioni nikufuate nyuma na bodaboda, uendeshe kama kawaida yako.

Nikamfuata. Kutoka shuleni mpaka anaumaliza mji alichochea pedeli labda dakika mbili kwa jumla. Kilima kilipoanza akazungusha ule mkono, akakaa wima kama padri kwenye misa ya Pasaka, viatu vimetulia kwenye pedeli, tai inapepea. Hakutoa jasho hata tone. Bodaboda wangu akanigeukia akasema "mzee huyu anaendesha pikipiki isiyo na bima", nikakosa cha kumjibu.

Lakini hilo lilikuwa nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine niliipata tulipofika kwake tukakaa, mkewe akatuletea mtori, nikamuuliza kitu ambacho nilitakiwa kumuuliza siku ya kwanza: kabla ya baiskeli ulikuwa unafikaje kazini? Akasema natembea mpaka barabarani, dakika kumi na mbili hivi, napanda haisi, nashukia stendi, natembea mpaka shule dakika nane. Jioni hivyohivyo, na ile ya kurudi nyumbani ni mlima.

Piga hesabu. Dakika 40 kwa siku, 200 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za kujishughulisha kwa nguvu ya wastani, na tangu mwongozo huo hata vipande vifupi vya dakika chache vinahesabika, zamani walikuwa wanataka kila kipande kisipungue dakika 10. Kwa hiyo huyu mtu niliyemuandika "hafanyi mazoezi" alikuwa anatembea dakika 200 kila wiki, sio zote kwa mwendo mkali lakini ni miguu yake hiyo inafanya kazi, na sisi tumemnunulia chombo cha milioni moja na ushee tukazifuta zote.

Yeye hakusema kwa sababu kwake kutembea kwenda kupanda gari sio mazoezi, ni kutembea tu. Mazoezi kwake ni kuvaa raba. Na mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa na haraka.

Siku betri ilipozima

Kabla hatujarekebisha chochote, wiki ileile betri ikamzimia katikati ya mlima, kama kilomita tatu kabla ya kwake. Akasukuma kilo 24 gizani na goti bovu. Kesho yake akanipigia amekasirika, anataka kuiuza.

Nilimwomba kwanza tukae na kalamu, yeye ni mtu wa hesabu na mimi nilitaka aone mwenyewe. Betri ya volti 36 na 10 Ah ikiwa mpya inabeba wati-saa 360, ambayo ni kama theluthi moja ya unit ya LUKU, hela ndogo sana. Yake ni mtumba wa miaka isiyojulikana, fundi akaipima akasema hapa imebaki kama 250. Sasa mlima: yeye na baiskeli na begi la madaftari ni kama kilo 122, kuvipandisha mita 400 ni wati-saa 133 hivi, ongeza msuguano wa matairi kwa kilomita 11, unafika 160. Hizo ni zinazotakiwa kwenye gurudumu. Mota ya aina hii ikipanda mlima polepole inapoteza nyingi kwa joto, kwa hiyo betri inatoa 230 mpaka 240 ili gurudumu lipate 160. Na mchana alikuwa ameshapita soko la Mbuyuni kununua vitu kwa umeme huohuo.

Akaangalia karatasi muda mrefu. Akasema, "Kwa hiyo nikichangia nusu kwa miguu, betri inatosha na kubaki."

Ndiyo, Mwalimu.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kitu kingine ambacho kila mkazi wa Moshi amekiona: wanaoshusha ndizi kwa baiskeli asubuhi, jioni wote wanasukuma. Wati-saa 160 ndani ya dakika 48 ni wati 200 mfululizo. Mtu wa kawaida asiye mwanamichezo anaweza kutoa 75 mpaka 100 kwa muda mrefu. Wati 200 ni za vijana wa mashindano. Kwa hiyo kumwambia mzee wa kilo 94 "endesha baiskeli ya kawaida urudi nayo Kibosho" ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kupanda. Ila mota ikitoa 100 na yeye 100, hapo anapata kazi ya saizi yake, ngumu lakini inawezekana, kila siku.

Tulichobadilisha, na kwa nini

Kwanza tulitoa ule mkono wa kuzungusha. Fundi alichomoa waya wake chini ya usukani akauviringisha vizuri na tepu, dakika kumi kazi imeisha. Mwalimu alilalamika kwamba ataukosa pale pa kuanzia tena mlimani ukisimama, na kweli pale ni pagumu, nikamwambia shuka, sukuma hatua kumi, panda. Niliona kwamba ukiacha kishawishi mkononi utakitumia, hata mimi ningekitumia.

Wiki moja baadaye nikamfuata tena, nikakuta amekuja na ujanja mpya. Baiskeli hizi za bei nafuu hazipimi nguvu ya mguu, zina sahani ndogo ya sumaku pale kwenye mhimili wa pedeli, ikizunguka tu mota inajua "mtu anachochea" inamwaga umeme. Zile za bei kubwa zina kipimo cha nguvu, ukikanyaga kidogo inakupa kidogo. Ya kwake haijali. Kwa hiyo ameweka gia nyepesi kabisa, msaada kwenye 5, miguu inazunguka kama anakoroga uji, cheni haina hata mvuto. Anachochea hewa! Na hakuwa anadanganya kwa makusudi, mwili tu umetafuta njia rahisi kama maji.

Tukakubaliana msaada usizidi 2, isipokuwa ile kona moja kali ambayo ni 3, na gia iwe nzito mpaka asikie mguu unasukuma kitu.

Sasa tutajuaje kama anajitahidi kiasi sahihi? Saa ya kupima mapigo nilikuwa nayo, ila moja ya dawa alizoanzishiwa inashusha mapigo ya moyo, kwa hiyo saa ingetudanganya, ingeonyesha mapigo ya mtu aliyekaa wakati mwenyewe anahema. Nikamwambia tutumie mdomo: ukiwa unaweza kuongea ila huwezi kuimba, uko pazuri. Akasema yeye haimbi. Akaamua atasoma jedwali la saba. Akilimaliza lote kwa ulaini bila kuvuta pumzi katikati, anashusha msaada. Akishindwa kufika "saba mara tatu" bila kuhema, anaongeza. Hiyo ilikuwa akili yake sio yangu, na ni bora kuliko kitu chochote nilichojifunza chuoni kuhusu kupima nguvu ya mazoezi. Watoto wa njiani walishaizoea, akipita anasema "saba mara sita" wao wanaitikia "arobaini na mbili".

Betri akanunua nyingine, laki nne na nusu, iliuma. Mkuu wa shule alikuwa hataki ichajiwe ofisini, kwa sababu ya LUKU ya shule na pia anaogopa moto, nami sikumlaumu kwa hilo la moto. Kwa hiyo anachaji nyumbani jioni watu wakiwa macho, hailazwi kwenye chaja usiku kucha, na betri haikai karibu na nyasi za ng'ombe.

Na kutembea? Hapa nilimwomba kitu kimoja tu, Ijumaa aache baiskeli apande haisi kama zamani, atembee dakika zake 40. Alikubali kwa sababu Ijumaa jioni ana kikao mjini na hapendi kurudi na baiskeli usiku.

Matokeo

Baada ya miezi minane: kilo 91, sukari ya asubuhi 6.1, presha 134 kwa 84, mkanda umeingia matundu mawili. Goti linauma siku za baridi tu.

Usizipige makofi sana hizo namba. Dawa ya presha ilianza katikati ya safari, kwa hiyo presha siwezi kuipa baiskeli. Sukari, mkewe alikuwa ameshaacha kumwekea vijiko vitatu kwenye chai anaweka kimoja, na chai anakunywa mara nne kwa siku. Uzito, kilo tatu kwa miezi minane ni kidogo. Ninachoweza kusema bila wasiwasi ni kimoja, pumzi. Mwezi wa kumi alikuwa anapanda akiwa kwenye 2 na 3, mwezi wa pili anapanda kwenye 1 sehemu kubwa ya njia, na betri inarudi nyumbani na zaidi ya nusu. Hicho kidude cha msaada kiligeuka kuwa kipimo chetu cha maendeleo bila mtu kupanga.

Masika ilitupiga. Kuanzia mwezi wa tatu katikati mpaka wa tano alipanda baiskeli siku za kuhesabu kwa vidole, barabara ya kuingia kwake ni tope la kuteleza, na mara moja maji yaliingia kwenye soketi ya betri ikawa inakatakata. Kwenye wiki hizo alirudi kwenye haisi. Safari hii hatukupoteza kitu kikubwa maana haisi kwake ina kutembea ndani yake.

Uchambuzi

Kosa kubwa la kisa hiki halikuwa kwenye baiskeli, lilikuwa kwenye faili langu. Kuna utafiti wa miji 7 ya Ulaya, Barcelona na London na Vienna zikiwemo, ulitoka 2019, uliokuta wenye baiskeli za umeme kwa ujumla wanajishughulisha karibu sawa na wenye baiskeli za kawaida kwa sababu wanaenda mbali zaidi, ila faida inategemea ulikuwa unatumia nini kabla. Aliyetoka kwenye gari au usafiri wa umma amepata, aliyetoka kwenye baiskeli ya kawaida amepoteza kidogo. Nilikuwa naujua. Ila nikasoma "usafiri wa umma" kwa macho ya Ulaya, nikasahau kwamba huku kwetu usafiri wa umma unaanzia na kuishia kwa miguu, tena mlimani. Ukimtoa mtu kwenye daladala unamtoa na kutembea kwake pia.

Ukija kwenye dakika tupu, ukweli ni kwamba tumekaribia kutoka sare. Kabla: 200 kwa wiki za kutembea. Sasa: dakika 48 za kupanda mara 4, yaani 192, na 40 za Ijumaa, jumla 232. Kilichobadilika ni uzito wa kazi, kutembea kwenda stendi ukiwa unasalimiana na kila mtu sio sawa na wati 100 kwa dakika 48. Asubuhi siihesabu kabisa. Kushuka Kibosho ni kazi ya breki na vidole, wiki ya kwanza vidole ndo vilikuwa vinamuuma sio mapaja, na anayejipigia hesabu ya "kilomita 22 kwa siku" ajue nusu yake kajichukulia bure.

Kuondoa ule mkono wa kuzungusha kulifanya kazi, lakini kama ningeishia hapo ningejidanganya, kwa sababu sumaku ya pedeli ni mkono ule ule umevaa nguo nyingine. Kumfuata nyuma kulinifundisha zaidi ya dodoso lolote, na ni buku mbili za bodaboda.

Kitu kilichofanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea ni kwamba safari ya nyumbani haina kuahirisha. Nimeshawaandikia watu programu nzuri za mazoezi, zinadumu wiki tatu. Huyu jioni lazima arudi kwake, kuna ng'ombe, na njia ni moja na ni mlima. Hajawahi kuniambia hana muda, kwa sababu haisi yenyewe na kuisubiri kwake vilikuwa vinakula saa nzima.

Kilichofeli na bado kimefeli ni mazoezi ya nguvu, yale ya misuli ambayo mwongozo unataka angalau siku mbili kwa wiki. Nilimpa matatu ya nyumbani, kukaa na kuinuka kwenye kiti na mengineyo, hajafanya hata moja, anasema mzigo wa majani anaoubeba kutoka mtoni unatosha. Tuliupima siku moja kwa mizani ya sokoni, kilo 31. Nikaacha kubishana.

Na breki. Juzi fundi amembadilishia viatu vya breki mara ya tatu tangu aanze, ya nyuma ilikuwa imebaki chuma kitupu na yeye alikuwa bado anashuka nayo. Nimemwomba sasa aziangalie kila Jumapili akitoka kanisani, amesema sawa, fundi hajasadiki, amemnunulia seti nyingine akaiweka pembeni.